Kete Sitini na Nne

Mimi mchapaji tu. Ukurasa mia tano,
kulaminisha bei ya maelewano.
Duka langu linatazama stendi ya Mafinga,
na asubuhi za Juni ukungu huingia bila hodi,
hukalia kiti cha wateja.

Jumanne alikuja Vitalis Kihongole,
vumbi la msumeno kwenye nyusi.
Akaniwekea komwe moja kiganjani,
akazima taa yangu pasipo ruhusa.
Ikawaka. Kijani,
kama jicho la paka aliyefumaniwa jikoni.
"Nataka hatari," akasema.
"Hataza," nikamsahihisha.
"Hiyo hiyo."

Nikachapa: *Kete za bao zing'aazo gizani,
zilizobuniwa na mwombaji peke yake,
kwa rangi inywayo mwanga mchana
na kuucheua usiku,
ili umeme ukikatika
mtu asiibiwe mtaji wake.*

Alhamisi akaja Ezekia Nyaulingo,
wa kiwanda kile kile cha mbao, zamu ya usiku.
Naye akanyoosha mkono kwenye swichi.
Nami, Mungu anisamehe, sikuanza upya.
Nilifungua faili la Jumanne,
nikafuta jina moja, nikapachika jingine,
nikapokea elfu moja mia tano yangu
na kumtakia heri.

Kabla karatasi hazijapanda basi kwenda Dar
wakashtakiana baraza la kata.
Mwenyekiti akasoma ya huyu, akasoma ya yule,
akasoma tena ya huyu.
Hata kosa langu la "gziani"
lilikuwa pale pale, mstari wa tatu.
Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya bati.

"Unga wa rangi nilinunua mimi, Makambako!"
"Na gundi? Gundi alichanganya nani,
mpaka vidole vikashikana siku mbili?"
Mwaka mzima walicheza ubao mmoja
kwenye kibanda cha mlinzi, nyuma ya magogo,
mmoja akisema takata, mwingine akicheka.
Sasa salamu walizipitisha kwa mwenyekiti.

Ndipo akasimama Sikstina, shangazi wa Vitalis.
Hakuna aliyemwita.
Akafungua pindo la kitenge, akatoa rozari.
"Fungeni madirisha."
Wakafunga. Tukaona shanga za plastiki
zikipumua mwanga hafifu, wa kijani kile kile,
na katikati, pengo:
uzi mtupu, urefu wa kidole.

"Mwaka wa vita vya Kagera
kaka yangu aliikata hii, akapeleka kumi bwenini,
wacheze bao taa zikizimwa.
Alfonsi. Baba yako, Vitalis.
Sikuja kuamua nani wa kwanza.
Nimekuja kudai shanga zangu.
Fungu la nne nalisalia vidole
tangu sijaolewa."

Mtu akacheka, kisha akajuta.
Madirisha yakafunguliwa.
Mwenyekiti akaahirisha shauri hadi siku itakayotajwa,
na siku hiyo, nijuavyo mimi, haijatajwa.

Usiku mmoja nikipita nyuma ya kiwanda,
umeme umekatika, baridi inauma masikio,
niliona vimulimuli visivyoruka,
vikihama shimo hadi shimo,
vikirundikana, vikitawanyika.
Mikono haikuonekana.
Nilisikia tu, "Umelala, Ezekia,"
na mtu akikataa kwamba amelala.

Juzi jioni Sikstina alikuja dukani.
"Wamenilipa," akasema. "Andika malalamiko."
Giza likatukuta hapo hapo, Mafinga nzima.
Nikashusha taipureta ya marehemu mama,
naye akazipanga kete kumi
juu ya meza, kandokando ya karatasi.
Kwa mwanga wake nikaona herufi, moja moja.

"Haya, sema."
"Andika: nimepokea komwe kumi, nzuri, zinang'aa."
Nikaandika.
"Andika: hazina tundu."